Nusu kaputi ya mafindofindo kwa watoto: dawa gani itumike, na damu ikirudi usiku tufanyeje?

#1 SindanoBaridi

Wakuu wa jukwaa, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenzetu wanaotoa usingizi hospitali za wilaya. Tuchukulie mtoto wa miaka 4, kilo 15, anatolewa mafindofindo na nyama za pua. Vilivyopo: gesi za usingizi halotheni na isofluraneni, ketamini, suksamethoni ya kulegeza misuli, propofoli mara ipo mara haipo, mashine ya kuzalisha oksijeni, sakshen (mashine ya kufyonza) moja ya umeme na moja ya kukanyaga kwa mguu. Oksimita ya kupima oksijeni ya damu ipo, kapnografu ya kupima kaboni dayoksaidi kwenye pumzi hakuna.

Maswali ni mawili. Kwanza, kuna dawa ya usingizi inayopunguza damu kwenye upasuaji huu? Pili, mtoto akianza kutoka damu saa sita baada ya upasuaji, au siku ya saba akiwa nyumbani, akaletwa usiku, unamlazaje tena kwa dawa ya usingizi? Naomba vipimo kamili, si "kadiri ya hali".

#2 Mzee_wa_Gesi

Mkuu, la kwanza ndilo watu wanalolipigania bure, ngoja tulimalize.

Gesi zote za usingizi hulegeza mishipa, na ukizidisha kipimo utaona damu inachuruzika zaidi. Propofoli ya dripu humpa mpasuaji uwanja mkavu kidogo kwenye upasuaji wa ndani ya pua, ambako damu hutoka kwenye utando mzima. Findo ni habari nyingine. Linatoka damu kwa sababu mshipa unaojulikana umekatwa: tawi la ateri ya uso linaloingilia sehemu ya chini ya findo, au vena ya pembeni inayoshuka kutoka kwenye kaakaa laini, na hiyo vena ndiyo msumbufu wa kila siku. Hakuna dawa ya usingizi itakayoufunga mshipa huo. Anayeufunga ni mpasuaji.

Sisi watu wa usingizi tunaongeza damu kwa njia tatu. Mtoto anaachwa apumue mwenyewe kwenye halotheni nzito bila kusaidiwa, kaboni dayoksaidi inapanda, mishipa inafunguka. Au analala nusunusu, anakohoa kitanua mdomo kikiwa ndani. Au anazinduka kwa kikohozi na kujikaza, shinikizo la vena linapanda na donge la damu linang'oka. Ukizuia hayo matatu kwa dawa yoyote uliyonayo, umefanya sehemu yako.

Sasa dawa zenyewe. Halotheni haiwashi koo, mtoto anaivuta kwa maski bila shida, lakini inashusha mapigo na inachelewa kutoka mwilini. Tena halotheni na adrenalini ni paka na panya: mpasuaji akidunga adrenalini pembeni ya findo bila kukuambia, moyo unaweza kwenda mrama hapo hapo. Isofluraneni inawasha njia ya hewa, kwa hiyo usianze nayo kwa maski. Mlaze kwa njia nyingine, kisha iendeleze, ni nzuri. Sevofluraneni, kwa wenye nayo, ndiyo bora kwa kuanzia kwa maski, ila watoto wengi huamka wakihangaika na kupiga kelele, na kelele hizo koo jipya halizitaki. Propofoli hupunguza kutapika, hupunguza zoloto (mlango wa bomba la hewa) kujibana, na mtoto huamka mtulivu. Ukiipata, hapa ndipo pa kuitumia, si kwa sababu inazuia damu bali kwa sababu ya namna mtoto anavyozinduka.

Kushusha presha makusudi ili uwanja uwe mkavu: usifanye kwa mtoto wa mafindofindo. Mshipa ulionywea presha ikiwa chini utafunguka chumba cha kuzindukia, kitanua mdomo kikiwa kimeshaoshwa.

#3 Koromeo

Nakubaliana na Mzee, niongeze upande wa kisu, maana takwimu zipo.

Uingereza na Ireland Kaskazini walifanya ukaguzi mkubwa mwaka 2003 hadi 2004, zaidi ya wagonjwa 33,000 wa mafindofindo. Waliotoka damu walikuwa kama asilimia 3.5, na waliorudishwa chumba cha upasuaji hawakufika asilimia 1. Waliotolewa kwa vifaa baridi, yaani mkasi, kijiko cha kuchonga na kufunga mshipa kwa uzi, walitoka damu kidogo kuliko wote. Kadiri umeme wa kuchomea ulivyotumika zaidi, ndivyo damu ya siku za baadaye ilivyoongezeka. Sababu yake ni rahisi: moto unafunga mshipa leo, lakini unaacha kidonda kirefu cha tishu iliyoungua. Gamba lile linapobanduka, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, linaondoka na kizibo.

Kuna kisa cha Uingereza kinachofaa kukumbukwa kila tunapoletewa vifaa vya kutupa. Januari 2001 waliagizwa kutumia vifaa vya mara moja kwa mafindofindo kwa hofu ya ugonjwa wa ubongo unaotokana na ng'ombe. Damu zikaongezeka, hasa kwenye vifaa vya umeme vya kutupa, na Desemba mwaka huohuo agizo likaondolewa. Kifaa kibovu ni kisababishi cha damu kama ugonjwa ulivyo.

Kwa hiyo, ukiwa na umeme, tumia nguvu ndogo, gusa mshipa peke yake, usikaange shimo zima. Mshipa mkubwa ufunge kwa uzi.

Na jambo ambalo watu wa usingizi wana haki ya kulidai: kabla ya kutoa kitanua mdomo, kilegeze, subiri dakika moja au mbili, kifungue tena uangalie. Ulimi wa kitanua unavuta na kubana mishipa ya sehemu ya chini ya findo. Ukitoa moja kwa moja, hujui kilichokuwa kimebanwa.

Wenye mashine na ujuzi siku hizi huacha ganda la nje la findo na kutoa nyama ya ndani tu. Misuli na mishipa vinabaki vimefunikwa, maumivu na damu hupungua. Ubaya wake ni kwamba kwa baadhi ya watoto nyama huota tena.

#4 SindanoBaridi

Asanteni. Swali la watu wengi wa pembezoni: ketamini peke yake, bila mpira wa hewa (bomba la kupumulia linaloingizwa kooni), mtoto anapumua mwenyewe, upasuaji wa dakika 15. Inafaa?

#5 Mzee_wa_Gesi

Haifai. Ketamini huongeza mate na huacha zoloto likiwa na hasira. Weka tone la damu juu ya zoloto la namna hiyo na utapata kubana kwa njia ya hewa huku kinywa kimejaa chuma cha mpasuaji. Ketamini ni dawa nzuri ya kumlazia na ya maumivu, 0.5 mg kwa kilo kama nyongeza. Mpira wa hewa uwekwe.

Mpira wenyewe: bila puto, gawa umri kwa 4 jumlisha 4, kwa hiyo miaka 4 ni namba 5.0. Wenye puto, jumlisha 3.5, ni namba 4.5. Urefu kwenye midomo ni nusu ya umri jumlisha 12, yaani sentimita 14. Wenye puto una faida mbili hapa: damu haiteremki, na oksijeni haivuji kuingia kinywani. Kama una ule uliopinda kushuka kidevuni, ndio wenyewe. Usipokuwepo, wa kawaida ufungwe katikati ya mdomo wa chini ili ukae kwenye mfereji wa ulimi wa kitanua. Mpasuaji akifungua kitanua, sikiliza mapafu upya, pande zote mbili. Kitanua hubana mpira, huusukuma ukaingia pafu la kulia, au huutoa nje kabisa kinapoondolewa. Kwa kuwa huna kapnografu, stetoskopu ibaki imebandikwa kifuani upasuaji wote, na mkono usitoke kwenye mfuko wa kupumulishia: mfuko ukiwa mgumu ghafla, mwambie mpasuaji alegeze kitanua kwanza ndipo uanze kutafuta sababu nyingine.

Hilo la oksijeni kuvuja si dogo. Mpira usio na puto, oksijeni nyingi, na umeme wa kuchomea ndani ya kinywa: hivyo vitatu vikikutana moto unawaka. Oksijeni iwe chini ya asilimia 30 kadiri oksimita inavyoruhusu wakati umeme unatumika. Ukiwaka: funga oksijeni, toa mpira, mwaga maji ya chumvi kinywani, halafu ndipo umpe hewa kwa maski.

Shashi ya kuziba koo, kama mnaitumia, iandikwe ubaoni ilipoingia na mkia wake ubaki nje ya mdomo. Imesahaulika kwa watoto, ikawaziba.

#6 Koromeo

Na nyuma ya kaakaa laini, Mzee, hujapataja. Hasa nyama za pua zikiwa zimetolewa. Damu hujikusanya pale juu, inaganda, haionekani. Mtoto anatolewa mpira, kaakaa linacheza, donge linaangukia juu ya zoloto. Ni njia fupi sana ya kumpoteza mtoto ambaye upasuaji wake ulikwenda vizuri. Nyanyua kaakaa, fyonza ukiona kwa macho, na vuta shingo iliyokunjuliwa irudi kawaida kisha angalia tena.

#7 Mzee_wa_Gesi

Kweli, nilikuwa naelekea huko. Kutoa mpira: mtoto alale ubavu wa kushoto, kichwa chini kidogo, mto chini ya nyonga usiwe chini ya kichwa. Fyonza katikati tu, usichokonoe mashimo ya mafindo. Zima gesi, mpe oksijeni, kisha mwache. Usimtikise, usimwite jina, usimfyonze tena. Akifungua macho mwenyewe na kupumua vizuri, toa mpira mapafu yakiwa yamejaa hewa.

Wapo wanaotoa mpira mtoto akiwa bado amelala usingizi mzito ili asikohoe. Kwenye kituo chenye mtaalamu mmoja kwa kila kitanda cha kuzindukia, sawa. Kwenye mazingira ya mleta uzi, ambako muuguzi mmoja anaangalia watatu, asubiri azinduke. Lignokaini 1 mg kwa kilo kwenye mshipa kabla ya kutoa inasaidia kupunguza kikohozi.

Zoloto likijibana: oksijeni asilimia 100, sukuma taya mbele, bana maski vizuri huku ukiushikilia mfuko kwa shinikizo la taratibu. Lisipofunguka, propofoli 0.5 hadi 1 mg kwa kilo. Bado, suksamethoni 0.5 hadi 1 mg kwa kilo kwenye mshipa, pamoja na atropini mikrogramu 20 kwa kilo. Kama kanula (sindano ya mshipani) imetoka, suksamethoni 4 mg kwa kilo kwenye msuli. Usisubiri mapigo yashuke ndipo uivute kwenye sirinji.

#8 MamaDripu

Naomba nizungumzie chumba cha kuzindukia na wodi, maana damu ya masaa 24 ya kwanza huonwa na muuguzi, daktari anakuja baadaye.

Mtoto haitemi damu, anaimeza. Kwa hiyo usisubiri kuiona shukani. Tazama shingo: mtoto aliyelala anayemeza mate mara kwa mara anatoka damu mpaka uthibitishe vinginevyo. Washa tochi, fungua mdomo, angalia ukuta wa nyuma wa koo. Akitapika mara moja damu nyeusi kama kahawa, hiyo inaweza kuwa ya upasuaji. Akitapika mara ya pili, au ikiwa nyekundu, ita mpasuaji na mtu wa usingizi kwa pamoja.

Mapigo ndiyo yanayosema kwanza. Mtoto wa miaka 4 aliyetulia, mwenye dawa ya maumivu, mapigo yakipanda kutoka 105 kwenda 125 kwenda 140 kwenye chati, usiandike "analia". Presha ya mtoto hubaki nzuri hadi amepoteza robo ya damu au zaidi, kisha inaanguka kwa mkupuo. Kwa umri huo presha ya juu ikiwa chini ya 78, ambayo ni 70 jumlisha umri mara mbili, umechelewa. Kabla ya hapo tazama kidole: bana sekunde tano, achia, rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, mikono imepoa, amekuwa mkimya kuliko alivyokuwa, tayari ana upungufu.

Na msidanganywe na HB (kipimo cha wekundu wa damu) ya wakati huo. Damu inayotoka inatoka na chembe na maji yake pamoja; HB haishuki mpaka dripu iingie.

#9 SindanoBaridi

Dada MamaDripu, hesabu ya damu mnaifanyaje?

#10 MamaDripu

Kilo mara 80 ml. Kilo 15 ni 1,200 ml mwili mzima. Kwa hiyo 120 ml kwenye chupa ya sakshen ni asilimia 10 yake, hata kama kwa macho ya mtu mzima ni kidogo. Toa maji ya kusafishia yaliyoingia chupani, pima shashi kwa mizani ya jikoni kabla na baada, gramu moja hesabu mililita moja. Damu iliyomezwa haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo jibu lako siku zote ni dogo kuliko ukweli.

Kujua anaweza kupoteza kiasi gani kabla ya kuongezewa: HB ya mwanzo toa HB ya chini unayoikubali, gawa kwa HB ya mwanzo, zidisha kwa damu yote. Aliyeanza na 10, hutaki ashuke chini ya 7: 3 kwa 10 mara 1,200 ni 360 ml. Aliyeanza na 8.5 anabaki na takriban 210 ml tu. Ndiyo maana mtoto mwenye HB ya chini kwa sababu ya malaria au minyoo atibiwe kwanza, upasuaji huu si wa dharura.

#11 Mfamasia_wa_Pwani

Naingia kwenye dawa za maumivu, hapa pana makosa mengi.

Kodeini isitumike. Ini hubadilisha kodeini kuwa mofini kupitia kimeng'enya CYP2D6, na wapo watu wanaoibadilisha kwa kasi kubwa mno. Watoto wamekufa usingizini baada ya kutolewa mafindofindo kwa dozi ya kawaida. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka katazo kali mwaka 2013 kwa watoto baada ya upasuaji huu, na mwaka 2017 ikaikataza kwa wote wa chini ya miaka 12, ikaongeza tramadoli: marufuku chini ya miaka 12, na baada ya upasuaji wa mafindofindo marufuku hadi miaka 18. Hili linatuhusu sisi wa ukanda huu kuliko wao: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta karibu asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni ya kimeng'enya hicho.

Parasetamoli 15 mg kwa kilo kila saa 6, kwa kufuata saa, si akilia. Kilo 15 ni takriban 9 ml ya sirapu ya 120 mg kwa 5 ml. Ibuprofeni 10 mg kwa kilo kila saa 8, kwake ni 7.5 ml ya sirapu ya 100 mg kwa 5 ml.

Deksamethasoni dozi moja baada ya kulala, 0.15 hadi 0.5 mg kwa kilo, hupunguza kutapika na maumivu na mtoto hula mapema. Isukumwe taratibu.

#12 Mzee_wa_Gesi

Mfamasia, hapo kwenye ibuprofeni sipiti bila kuuliza. Vidonge vya jamii hiyo vinazuia chembe sahani (za kugandisha damu) kushikana. Unampa mtoto mwenye kidonda kibichi?

#13 Mfamasia_wa_Pwani

Swali halali, na jibu halijanyooka. Miongozo ya Marekani ya 2019 inaipendekeza pamoja na parasetamoli. Mwaka huohuo ulitoka utafiti wa watoto 741, nusu ibuprofeni nusu parasetamoli: waliotoka damu hadi kurudishwa chumba cha upasuaji walikuwa asilimia 2.9 kwa ibuprofeni na 1.2 kwa parasetamoli. Watafiti hawakuweza kusema dawa hizo mbili ziko sawa kwa usalama. Upande wa pili, mtoto mwenye maumivu hanywi, koo linakauka, kidonda kinaoza, na hiyo nayo ni njia ya kutoka damu.

Msimamo wangu: mtoto anayeishi karibu na hospitali yenye mpasuaji, mpe vyote viwili. Anayerudi kijijini saa nne za barabara mbovu, anza na parasetamoli kwa kufuata saa na ibuprofeni ibaki ya akiba. Ketorolaki na aspirini viondoke kabisa kwenye orodha.

Deksamethasoni nayo ilishutumiwa mwaka 2008 na utafiti mmoja uliosimamishwa katikati kwa sababu ya damu. Utafiti wa 2012 wa watoto 314, kwa 0.5 mg kwa kilo, haukuona ongezeko la damu ya hatari. Mimi ningetumia 0.15 mg kwa kilo, inatosha kuzuia kutapika, kilo 15 ni 2.25 mg, kama 0.6 ml ya ile ya 4 mg kwa ml.

#14 Koromeo

Nyongeza moja kwa wanaokoroma na kukata pumzi usingizini, ambao ndio wengi wa wagonjwa wetu. Miili yao imezoea oksijeni kushuka usiku, na mofini inawalewesha kwa dozi ndogo. Nusu dozi: 0.05 mg kwa kilo, kisha subiri uone. Chini ya miaka 3, au anayekata pumzi sana, alale wodini na oksimita kidoleni, asiruhusiwe jioni.

#15 mama_wawili

Samahani madaktari, mimi mzazi tu. Mtoto ana siku ya nne tangu atolewe mafindofindo, kooni kuna vitu vyeupe vinanuka na jirani anasema ni usaha, apelekwe kwa mzee akatwe kimeo yaishe. Niende?

#16 Koromeo

Mama, usiende kwa mzee. Weupe huo ni gamba la kidonda, ndivyo kinavyopona, na harufu ni ya kawaida siku hizi. Kimeo hakina uhusiano. Kukatwa kimeo kwa kisu kisichochemshwa kwenye koo ambalo tayari lina vidonda viwili ni kuongeza mshipa wa tatu wa kutoka damu.

Anywe maji mara nyingi, dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kula, ale chakula cha kawaida anachokiweza, kutafuna kunasaidia. Maumivu ya sikio siku hizi yanatoka kooni, usimtie dawa ya sikio. Nenda hospitali leo kama ana homa kali au amekataa kabisa kunywa.

Na hili lishike sana: damu yoyote nyekundu, hata kijiko kimoja, hata kama imekatika yenyewe, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Damu ndogo iliyokatika mara nyingi hutangulia kubwa. Akiwa njiani akae ameinama mbele, ateme kwenye chombo asimeze, asile wala asinywe. Na msisafiri mbali na hospitali hadi wiki mbili zipite.

#17 SindanoBaridi

Sasa turudi kwenye swali la pili. Saa tano usiku, siku ya saba, kilo 15, ametapika damu mara mbili, mapigo 150, presha 85, mikono baridi. Hatua kwa hatua.

#18 Mzee_wa_Gesi

Una matatizo manne kwa mpigo: damu imepungua mwilini, tumbo limejaa damu, njia ya hewa haionekani, na mzazi amechanganyikiwa. La kwanza litatuliwe kabla ya dawa ya usingizi kugusa mshipa. Ukimlaza mtoto mkavu, moyo unasimama mkononi mwako, na hapo usilaumu dawa.

Kanula mbili, kubwa uwezavyo, namba 22 au 20. Ukikosa mshipa kwa dakika chache, ingia kwenye mfupa wa muundi. Chukua damu ya grupu na krosimachi (kuilinganisha na ya mtoaji) hapohapo. Ringa au chumvi 10 ml kwa kilo, kwake 150 ml, kwa sirinji kubwa ya mkono, angalia mapigo, rudia. Ukifika 40 ml kwa kilo bila nafuu, anahitaji damu, si maji. Chembe nyekundu 4 ml kwa kilo hupandisha HB kwa takriban gramu 1 kwa desilita. Damu ipashwe joto la mwili. Asidi ya traneksamiki 15 mg kwa kilo, 225 mg, kwa dakika 10, ni 2.25 ml ya ile ya 500 mg kwa 5 ml, ichanganye na maji ya chumvi. Wapo wanaoipuliza kwa nebulaiza mtoto akisubiri, na ripoti za awali zinatia moyo, lakini tafiti zake ni ndogo. Isicheleweshe lolote kati ya haya.

Usimpe dawa ya kumtuliza wodini. Akae mkao anaoutaka, mara nyingi ameketi ameinama.

Soma karatasi ya usingizi wa kwanza: namba ya mpira, ilikuwa rahisi au ngumu, alipewa nini. Kisha vuta dawa zote na uandike majina kwenye sirinji. Ketamini 1.5 mg kwa kilo, 22 mg. Suksamethoni 2 mg kwa kilo, 30 mg, ni 0.6 ml ya ile ya 50 mg kwa ml. Atropini 0.3 mg. Mpira wenye puto 4.5 na mwingine 4.0, vyote na waya wa ndani, kwa kuwa koo limevimba. Laringoskopu (taa ya kuangalia koo) mbili zimewashwa. Sakshen mbili, na hii haina mjadala: moja itaziba kwa donge. Ile ya mguu ipewe mtu wa kuikanyaga, isikae kabatini ikisubiri umeme ukatike.

Mpasuaji awe amevaa glavu, kitanua mdomo wazi mezani, ndipo uanze. Mlaze chali, kichwa chini kidogo ili damu iende nyuma ya pua badala ya mapafuni. Oksijeni kadiri anavyokubali. Dawa, msaidizi akandamize gegedu la krikoidi shingoni kuzuia cha tumboni kisipande, na aliachie kama linakuzuia kuona. Fyonza ukiingia, tafuta povu la hewa linalotoka kati ya damu, mpira upite hapo. Puto lijazwe kabla hujafurahi.

Propofoli dozi kamili kwa mtoto huyu, hapana. Halotheni nzito, hapana.

Mvulana mwenye dalili za udhaifu wa misuli, aliyechelewa kutembea au mwenye vigimbi vinene, usimpe suksamethoni, rokuroniamu 1.2 mg kwa kilo ikiwepo.

#19 Koromeo

Wazee wetu walifundishwa kumlaza ubavu kwa halotheni akipumua mwenyewe, ili damu itoke nje na asipooze.

#20 Mzee_wa_Gesi

Najua, na ina mantiki kwa aliyeizoea. Tatizo ni kwamba leo wengi hawajawahi kuweka mpira mtoto akiwa ubavuni, na usiku wa dharura si wakati wa kujifunza. Halotheni kwa mtoto mwenye damu pungufu inashusha presha, na inachukua muda ambao damu inaendelea kumezwa. Ibaki kwa yule ambaye mpira wake ulikuwa mgumu mara ya kwanza.

#21 Koromeo

Nakubali. Upande wangu, mpira ukishakaa: ondoa donge lote kwenye shimo la findo. Donge linazuia misuli kujibana, na chini yake ndiko mshipa uliko. Shashi yenye adrenalini ya 1 kwa 10,000, kanda dakika tatu hadi tano, na mtu wa halotheni apewe taarifa kwanza. Kisha funga kwa uzi. Siku ya saba tishu ni laini kama siagi na uzi unakata. Hapo shona nguzo ya mbele na ya nyuma ya findo pamoja juu ya kipande cha shashi, na mgonjwa abaki na mpira wa hewa hadi itolewe. Ikishindikana kabisa, ateri ya karotidi ya nje inafungwa shingoni, kazi ya hospitali ya rufaa.

#22 Mzee_wa_Gesi

Kabla ya kumzindua, mpira mnene wa tumbo upitishwe kinywani ukiona kwa macho, damu yote ya tumboni itolewe. Ondansetroni 0.1 mg kwa kilo. Kutoa mpira ni akiwa macho kabisa, ubavuni. HB ipimwe saa moja baadaye na tena asubuhi.

#23 Upepo_wa_Kusi

Mmesahau maswali ya kabla ya kuandika jina kwenye orodha. Vipimo vya kuganda damu kwa kila mtoto havisaidii kama maswali matano mazuri. Alipotahiriwa damu ilikatika lini? Jino lilipong'oka? Anavilia damu bila kugongwa? Puani hutoka damu zaidi ya dakika kumi? Wajomba upande wa mama wana tatizo la damu? Jibu moja la kutia shaka ndipo maabara iingie.

Na seli mundu aulizwe kila mtoto wa ukanda wetu, apimwe kama hajulikani. Mwenye nayo apandishwe HB hadi karibu 10, asikae na njaa bila dripu, asipate baridi mezani, oksijeni isishuke hata kidogo. Aliye na mafua na kikohozi cha makohozi asubiri wiki mbili hadi nne. Zoloto lake litabana tu.

#24 SindanoBaridi

La mwisho kwa wasio na mpasuaji usiku. Anapelekwa rufaa saa mbili za barabara. Mpira wa hewa uwekwe kabla ya kuondoka?

#25 Mzee_wa_Gesi

Anayezungumza, anayetema mwenyewe, damu inachuruzika tu: usimpe dawa ya usingizi. Kanula mbili, traneksamiki, dripu, damu iliyokrosimachiwa kwenye kisanduku cha baridi, aketi ameinama, na aende na mtu anayejua kuweka mpira, awe na sakshen ya mguu na dawa zilizokwisha kuvutwa. Mkubwa anayekubali kufungua mdomo, shashi yenye traneksamiki kwenye koleo ndefu, mkandamizo kuelekea pembeni, si nyuma.

Anayelegea, au damu inayojaa mdomo kuliko anavyoweza kutema: mpira uwekwe hapohapo, koo lizibwe kwa shashi kuzunguka mpira, mkia wake ufungwe shavuni kwa plasta, na kwenye barua ya rufaa iandikwe kwa herufi kubwa shashi ngapi zimo ndani.

#26 Koromeo

Piga simu kabla gari halijatoka, utaje uzito wake na grupu la damu. Benki ya damu ya rufaa ikianza kutafuta muda huo, itakuwa tayari mkifika.